Karibu ya Mdomoni

Etevise alikuwa na mdomo mtamu, na hilo hata waliokuwa hawampendi hawakulikataa. Akipewa nafasi ya kuomba kanisani, wanawake walikuwa wanatoa vitambaa vyao vya kufutia machozi kabla hajafika katikati. Akimsalimia mgeni, mgeni anajiona ndiye aliyekuwa akisubiriwa mwaka mzima. Mumewe, Pelenato, shemasi wetu, alikuwa mtu wa maneno machache mno, na watu walimtania kwamba siku ya ndoa alisema "ndiyo", basi, tangu hapo mkewe ndiye anayesema yaliyobaki. Etevise mwenyewe alikuwa anacheka. Alijua ana kipaji, na hakuona sababu ya kukificha.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara, hatua chache kutoka kanisani. Nyumba ya kwetu, nguzo na paa juu ya jukwaa la mawe, kuta hakuna. Anayepita anaona mnakula nini, na nyinyi mnamwona anavyoona. Ndiyo maana kwetu kisiwani Savai'i mtu hapiti mbele ya watu wanaokula akaachwa hivihivi. Unamwita, hata kama kilichopo ni gimbi moja na midomo ni saba. Unapaza sauti, "Panda tule!" Naye anajibu kutoka barabarani, "Asanteni, nimeshiba, kuleni." Basi, heshima imekaa mahali pake, na gimbi limesalimika. Asiyeita ni mchoyo. Anayeitwa mara moja akapanda kweli, huyo hakulelewa.

Sasa katika kuita, hakuna aliyemfikia Etevise. Wengine waliita kama wanaofukuza kuku. Yeye alikuwa ananyanyuka kidogo kwenye mkeka, anaweka mkono kifuani, na sauti yake inaimba. "Jamani, Mzee Sakalia, kweli utatupita? Panda baba, chakula kipo, tule pamoja kwa moyo mmoja!" Na Mzee Sakalia anainamisha kichwa, anajibu, "Asante Mama Shemasi, nimeshiba. Mungu awabariki." Kisha anaburura mguu wake na kwenda zake. Ilikuwa hivyo kila jioni, mvua au kiangazi, mpaka watu tukazoea kuisikia kama tunavyosikia bahari.

Huyo Sakalia ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Kengele yenyewe ni mtungi wa gesi uliokwisha, umening'inizwa kwenye mti wa mkungu mbele ya kanisa, unapigwa kwa nondo. Ya kwanza jioni inarudisha watu nyumbani, ya pili tunaanza sala, kila nyumba na yake, na barabarani haruhusiwi mtu. Ya tatu sala zimekwisha, sahani zinashuka. Kwa kuwa yeye ndiye anayepiga hiyo ya tatu, alikuwa anarudi kwake wakati ule ule ambao kila nyumba imekaa mbele ya chakula. Kuanzia kanisani hadi mwisho wa kijiji aliitwa na nyumba zote, na zote akazijibu kwamba ameshiba.

Hakuwa mtu wa hapa. Alitoka kisiwa kingine akaja kuishi kwa wakwe, kwa sababu ya mkewe, Fa'alupe. Mwanaume wa namna hiyo kwetu hana cheo wala hakai mbele kwenye kikao. Kazi yake ni jiko la mawe, kuni na tui. Sakalia aliwapikia wakwe zake mpaka ndevu zikawa nyeupe. Fa'alupe akafa. Binti waliyemlea akaolewa New Zealand, mwanzoni akaandika, baadaye akawa haandiki. Wakwe wakamwachia mzee kijumba cha nyuma chenye mshelisheli mmoja, hawakumfukuza, na kwa hilo walijiona watu wema sana. Kisha mguu wa kulia ukaingiwa na matende. Ulivimba ukawa kama gogo, na kwenye mikunjo ya ngozi pakafunguka kidonda kisichokauka. Shambani kwa magimbi, kule juu mlimani, hakuweza tena kufika.

Alikuwa anakula nini? Hilo swali hakuliuliza mtu. Utauliza vipi, na kila jioni unamsikia kwa masikio yako anaitwa nyumba baada ya nyumba, na kote anasema ameshiba? Nyumba ya kwanza ilidhani amekula ya pili. Ya pili ikadhani amekula kwa mchungaji. Mchungaji akadhani anakula kwa shemasi, maana karibu ya kule ndiyo iliyosikika kuliko zote. Tulikuwa tunalala na amani zetu.

Jumanne moja kengele ya pili haikulia. Tukakaa na nyimbo kooni, tunatazamana. Pelenato akaenda kuangalia, akamkuta mzee amelala chini ya mkungu, nondo mkononi, macho yamefunguka lakini hayaoni mtu. Wakambeba hadi kwake. Asubuhi yake akaja nesi wa zahanati, akamwosha, akamvuta ngozi ya mkono, akamtazama ndani ya kope, akamuuliza jana alikula nini. Mzee akasema ameshiba.

Nesi akatoka nje walipokuwa wamekusanyika wanawake, Etevise mbele yao, na hakushusha sauti hata kidogo. Akasema mguu ule hauui mtu leo wala kesho. Kinachomuua ni njaa, na akiendelea hivi mwezi huu hataumaliza.

Pakawa na kelele. Kila mmoja anaapa kwamba alimwita. Etevise ndiye aliyesikika zaidi. Akaeleza kwamba yeye binafsi hajawahi kumwacha mzee apite, kila jioni anamwita, tena kwa heshima zote, na mzee mwenyewe yupo, aulizwe. Nesi alikuwa msichana wa mjini Apia, wa wale wasiojua kuzunguka. Akamtazama tu, akauliza, "Na siku ulipomwita, ulikuwa umempikia nini?"

Etevise akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakikutoka kitu.

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Alifagia mawe ya ua, akayafagia tena yakiwa safi. Aligombeza kuku, akagombeza wingu. Aliketi kusuka mkeka, akafumua alichosuka, akainuka, akaenda kisimani na ndoo iliyojaa. Moyoni mwake kulikuwa na kitu kinakwaruza, na kila alipojaribu kukiombea, maneno yalikuja mazuri kama kawaida, yamepangika, yananukia, na yeye mwenyewe akayasikia na kuyachukia. Aliacha katikati, akarudi kufagia.

Na wakati wa kula ndiyo balaa. Watu wakipita barabarani, anainamia sahani yake. Jioni moja alipita Tusipepa, jirani, na Etevise akamtazama tu, tonge mkononi. Pelenato akasubiri, akasubiri, mwisho akalazimika kuita yeye, kwa sauti ya mtu asiyewahi kuita, na Tusipepa akaogopa karibu aanguke mtaroni. Kesho yake ilishaenea kwamba Mama Shemasi amekuwa mchoyo uzeeni.

"Pelenato," alimwambia mumewe siku hiyo, "yule mzee angepanda kweli, ungefurahi?"

Pelenato akatafuna kwanza, akameza. "Mimi ningefurahi. Wewe je?"

Etevise akainuka. Akakusanya vyombo vilivyokuwa bado na chakula, akaenda kuviosha.

Mchungaji, kwa upande wake, alipanga zamu, kila nyumba na siku yake ya kumpelekea mzee chakula. Jambo jema, nani atalikataa. Tukashindana basi. Samaki wa tui, majani ya magimbi, nyama ya kopo, kuna waliochinja kuku. Sahani zikaenda zimefunikwa vitambaa vya kutarizi. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, akaomba baraka ndefu juu ya kila aliyeleta, akamshukuru na ukoo wake wote. Aliyeleta akishaondoka, sahani ikawekwa pembeni, na mbwa wa wakwe zake wakanenepa. Mara moja au mbili alimega kidogo mbele ya watu, kwa adabu. Ya Etevise, aliyoipeleka Pelenato, ilirudi kama ilivyokwenda.

"Anashukuru sana," Pelenato akasema. "Ameshiba."

Nesi alipokuja tena alimkuta amekonda zaidi. Aliwaambia wakwe kwamba yeye hana dawa ya mtu asiyekula, na akaondoka amekasirika.

Jumatano ni siku ya kikao cha akina mama, sote tumevaa nyeupe. Mwenyekiti akasema tumwombee Mzee Sakalia, na kama ilivyo desturi akamgeukia Etevise. Akasimama. Akaanza, "Baba uliyejaa rehema, tunamleta mbele zako mtumishi wako tunayempenda kwa mioyo yetu yote..." Hapo akakoma. Tukadhani analia, vitambaa vikatoka. Halii. Amesimama anatazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mwenzake jikoni, "Huo ni uongo," akashika njia, akatoka juani bila mwamvuli. Mwenyekiti hakujua aseme amina au asiseme.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sakalia. Mkononi hakuwa na kitu. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu ameunyoosha mbele umefungwa kitambaa, anajipepea. Akamkaribisha kwa utaratibu wote, apande, akae, nyumba ni yake, ila amsamehe hana cha kumpa. Etevise akakaa. Akajibu salamu zake. Harufu ya kidonda ilikuwa imejaa pale ndani, na nzi wanazunguka.

"Mzee, kwa nini huli?"

"Nakula, Mama Shemasi. Nimeshiba."

"Hujashiba."

"Nimeshiba wema wenu. Mchungaji amepanga zamu nzuri, hakuna anayesahau."

Alilisema kwa upole, lakini Etevise si mtoto, alisikia kilichokuwa chini yake. Akasogea mbele. Akamwambia jioni aje kwake, ale nyumbani kwake, kwamba leo anamwita kwa moyo wake wote. Na mzee akatabasamu vile vile anavyotabasamu barabarani, akainamisha kichwa vile vile.

"Asante, mama. Umeniita miaka mingi. Mungu akubariki."

Hapo ndipo Etevise alipojua kwamba ameishiwa. Kwa moyo wangu wote, baba yangu, tule pamoja, yote alikwishayasema, tena vizuri zaidi, siku alizokuwa hamaanishi hata moja. Sasa anamaanisha, na hana neno lililobaki ambalo mzee huyu angeweza kuliamini. Akahisi hofu ya kweli. Mtu atakufa hapa huku wanashukuriana.

"Nilikuwa sitaki uje," akasema.

Pepeo mkononi mwa mzee likasimama.

"Nilikuwa nakuita huku naomba upite. Ukishapita, nashusha pumzi. Kila siku."

"Kwa nini?" mzee akauliza taratibu, kama anayeuliza saa.

Angeweza kusema chakula kilikuwa kidogo. Lilikuwa jibu zuri, lenye heshima, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kijiji kizima kingelikubali. Alilimeza, na kulimeza kulimuuma kuliko chochote alichowahi kukisema.

"Mguu wako unanuka. Sikutaka kula karibu na mguu wako. Nilikuwa nikikuona tu pale kwa mkungu, hamu inaniisha." Akamalizia, kwa kuwa ulikuwa ukweli, "Hata sasa hivi unanuka."

Kwetu, kumwambia mzee maneno kama hayo, ukoo wako unaweza kutozwa nguruwe na mikeka. Etevise alikaa akisubiri afukuzwe. Mzee Sakalia aliutazama mguu wake muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Etevise akadhani amemuua kabisa. Analia, ni kweli, machozi yanashuka kwenye ndevu. Lakini anacheka pia.

"Unanuka," akasema. "Nalala nao mimi, nitashindwa kujua? Fa'alupe angekuwepo angenifukuza nikalale kwa nguruwe." Akajifuta kwa kiganja. "Tangu afe hakuna mtu aliyeniambia. Wote, 'Mzee unaendelea vizuri, mzee leo umependeza.' Wanaongea na mimi wameangalia bahari."

Etevise alikuwa amejiziba uso.

"Nitakwambia na mimi basi," mzee akaendelea. "Huu mguu ni mbovu, lakini si mbovu kiasi kile. Mbele ya nyumba yako nilikuwa napunguza mwendo makusudi. Sauti yako ilikuwa nzuri. Nilikuwa najiambia, leo akiita mara ya pili, napanda. Hukuwahi kuita mara ya pili."

"Nisamehe," akasema Etevise. Neno hilo halikuwa na mkono kifuani wala wimbo. Lilitoka limekwaruzika, na makamasi yanamtoka, mama wa watu katika nguo zake nyeupe.

Mzee hakusema amemsamehe. Alitazama nje, kule kwenye jiko lake la mawe lililoota nyasi, na midomo yake ikacheza kama mtu anayejaribu kuinua kitu kizito.

"Nina njaa," akasema. Kisha akalirudia, kwa sauti iliyokatika. "Nina njaa sana, Etevise. Nimeona aibu. Nitasemaje, mtu mzima, kwenye nyumba za watu?"

Etevise akainuka. Hakuwa amekuja na kitu, na kwake ni mbali kwa mtu mwenye haraka. Akachukua upembo, akaangusha shelisheli moja kubwa kutoka kwenye ule mti wa uani, ambao mzee hakuwa na nguvu ya kuufikia. Akang'oa nyasi jikoni, akawasha makumbi ya nazi, akapuliza mpaka moshi ukamwingia machoni na masizi yakapanda hadi kwenye kola. Akalichoma, akaligeuza, akalibandua maganda likiwa la moto, vidole vinaungua, anasonya peke yake. Akapasua nazi, akaikuna, akakamua tui, akatia chumvi kidogo. Akaweka vyote kwenye jani moja la mgomba, akaketi bega kwa bega na mzee.

Harufu ya mguu ikamjia. Akageuza uso, akakohoa.

"Kaa upande wa upepo," mzee akasema.

Akahama, akakaa upande wa upepo. Wakala.

Mzee alianza pole pole, kipande kidogo, tui kidogo, kama anayejaribu kama meno bado yapo. Kisha akashika cha pili, na cha tatu. Hakusema asante. Etevise akamega sehemu yake kidogo, akaisogeza nyingine upande wa mzee, na mzee akaichukua bila adabu yoyote.

Wakati huo kikao cha akina mama kilikuwa kimevunjika, na sisi wengine tulikuwa tumemfuata kwa nyuma tuone amepatwa na nini. Tukasimama barabarani, kundi zima jeupe, tunawatazama wanavyokula. Na desturi ni desturi, wanaokula ndio wanaotakiwa kuita. Tukasubiri. Tusipepa alishaweka jibu mdomoni kabisa.

Etevise akatugeukia, uso una masizi. "Shelisheli ni moja," akasema. "Halitoshi. Siwaiti."

Miaka yote ile hatukuwahi kusikia kitu kama hicho kutoka ndani ya nyumba ya mtu, na nakwambia hakuna aliyekasirika. Wengine tulitazama chini. Tusipepa alisema kwa sauti ndogo, "Mimi mzee nilikuwa namwita nikiwa tayari nimekwisha kula," akaondoka haraka kuelekea kwake, na hatukujua kama anakwenda kulia au kupakua magimbi.

Mzee Sakalia hakututazama kabisa. Jani lilikuwa tupu. Akalipitisha kidole, akalamba tui la mwisho, akainua macho, siyo kwetu, kwenye mti.

"Lipo jingine?" akauliza.

Etevise alishasimama, upembo mkononi.